Ruhusa Imeshatoka

Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyefuga kuku. Ndivyo inavyoanza hadithi ya Boudhanath, stupa kubwa ya Wabudha iliyo kaskazini mashariki mwa jiji la Kathmandu, Nepal. Mwanamke huyo hakuwa mke wa mkubwa wala binti wa mfalme. Alikuwa na wavulana wanne, kila mmoja na babake, na watu walimsema vile watu husema. Akawalea kwa pesa ya kuku, akaweka akiba kidogo kidogo, na siku moja akaenda kwa mfalme kuomba ardhi. Alitaka kumjengea Buddha mnara wa heshima. Mfalme akamuuliza, kiasi gani? Akajibu: panapotosha kufunikwa na ngozi moja ya nyati. Mfalme akaona hilo ni jambo dogo, akasema sawa.

Mama akaenda nyumbani, akaikata ile ngozi vipande vyembamba kama uzi, akaviunganisha, kisha akauzungushia ule uzi uwanja mzima. Matajiri wakachemka. Wakaenda mbio kwa mfalme: maskini kama huyu akijenga kitu kikubwa hivi, sisi tutaonekanaje? Mfalme akawajibu kwamba neno limeshamtoka mdomoni, na yeye harudishi neno. Kwa Kitibeti, stupa hiyo huitwa Jarung Khashor hadi leo, jina lililobeba jibu lile lile: inafaa kufanyika, na ruhusa imeshaponyoka mdomoni.

Mkenya haihitaji kufafanuliwa hadithi hii. Ardhi, mama anayelea peke yake, majirani wenye wivu, mlango wa mkubwa. Mamangu mwenyewe alinilipia karo ya sekondari kwa kuuza mayai, kwa hivyo huyo mwanamke nilimjua kabla sijamaliza kusimuliwa. Lakini kilichonishika zaidi ni lile neno, ruhusa. Hadithi hii niliisikia Doha, katika wiki ambayo mimi nilikuwa nimenyimwa yangu.

*

Nilienda Qatar mwaka 2021 kufanya kazi ya usoja. Kazi yenyewe ni kusimama. Unasimama getini masaa kumi na mawili, unafungua, unafunga, unaandika namba za magari. Chumbani tulikuwa sita: Wakenya wawili, Mganda mmoja na Wanepali watatu. Mkubwa wa wale Wanepali tulimwita Dai, maana kwa Kinepali dai ni kaka mkubwa. Yeye aliniita bhai, yaani mdogo wangu. Dai ni Mtamang, watu wa milimani, na kwao wengi ni Wabudha wa njia inayoitwa Vajrayana, ile ambayo watu wa nje huiita Ubudha wa Tantra. Ukutani juu ya mto wake alikuwa amebandika picha ya mnara wenye macho. Yule Mganda aliyaogopa yale macho. Alilala akiwa amegeukia upande wa pili.

Mamangu alifariki Agosti 2022. Kombe la Dunia lilikuwa linaanza Novemba, na kampuni iliyoniajiri ilikuwa imesimamisha likizo zote. Niliomba ruhusa kwa msimamizi. Nikaomba tena ofisini, nikiwa na picha ya cheti cha kifo kwenye simu. Jibu lilikuwa moja: ukienda, usirudi. Na deni la ajenti lilikuwa halijaisha, na bili ya hospitali nusu yake ilikuwa inaningoja mimi. Ningeenda, ningemzika mama halafu niwazike na ndugu zangu kwa madeni. Nikabaki.

Mama alizikwa Jumamosi, Vihiga, mimi nikitazama kwenye simu. Binamu yangu aliishika vizuri, simlaumu. Lakini jeneza lilipoanza kushuka, mtandao ukakwama, picha ikaganda kwenye bega la mtu aliyevaa suti ya kijivu. Nililitazama lile bega kwa muda mrefu. Picha iliporudi, watu walikuwa wanatawanyika na vijana wameshika majembe.

Kwetu kila mtoto huchota konzi ya udongo akairusha kaburini. Ni kitu cha sekunde mbili. Hakuna anayekufundisha, hakuna anayekueleza maana yake, lakini usipokifanya unajua hukukifanya. Jioni ile niliingia shifti kama kawaida, nikasimama.

Wenzangu walinipa pole, wakanichangia. Dai alingoja hadi wengine walale. Akaniambia kwamba tarehe 25 Aprili 2015, tetemeko la ardhi la kipimo cha 7.8 lilipoitikisa Nepal na kuua karibu watu 9,000, yeye alikuwa hapo hapo Doha, getini. Kwao ni Sindhupalchok, wilaya iliyopoteza watu wengi kuliko zote. Babake alikuwa mmoja wao. Yeye pia aliomba ruhusa, akanyimwa.

"Bhai," akasema, "usiende kuomba mara ya tatu. Hawa hawana ruhusa ya kutoa. Tutaitafuta kwingine."

Ndipo aliponisimulia habari za mwanamke wa kuku.

*

Mkataba wangu uliisha Machi 2023. Dai alikuwa ametangulia nyumbani kwa likizo. Badala ya kukata tiketi ya Nairobi moja kwa moja, nilipitia Kathmandu, viza nikaipata pale pale uwanja wa ndege. Senje, yaani dada ya baba, alipopata habari alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Sehemu kubwa ilikuwa maombi.

Tukubaliane kitu kabla hatujaendelea. Ukiandika neno tantra kwenye simu yako ukiwa Nairobi, utaletewa masaji. Sahau hayo. Kwa Wabudha, tantra ni maandiko na mafunzo ya siri yaliyokua India, yakashika mizizi Nepal na Tibet, na ukiyapunguza mpaka mfupa yanasema hivi: binadamu ana milango mitatu, mwili, kauli na nia, na yote mitatu lazima ifanye kazi. Huwezi kukaa tu ukiamini kichwani. Mikono ipewe la kufanya, mdomo upewe la kusema, akili ipewe la kutazama.

Tena huyafungui mafunzo hayo mwenyewe kama mlango wa friji. Lama, yaani mwalimu, ndiye anayekufungulia. Kuna ibada nzima inayoitwa jenang, na maana ya neno hilo ni ruhusa. Dai aliponiambia hivyo nilicheka, kicheko kibaya. Hata huku?

"Hayo ni mambo ya ndani," akasema. "Kuzunguka hakuombewi ruhusa. Hata mbwa wanazunguka."

Na kweli walikuwepo, watatu, wanene, wakitembea katikati ya watu kama wanaowahi kazini.

Boudhanath huioni mpaka uwe umeifikia. Unapita barabara yenye vumbi na honi, si tofauti sana na Jogoo Road saa kumi na moja jioni, unaingia geti, kisha ghafla mbele yako kuna kitu cheupe kinachojaza anga. Urefu wake ni kama mita 36. Chini kuna majukwaa yaliyopangwa kwa umbo la mandala, yaani mchoro mtakatifu wa ulimwengu. Juu yake kuna kuba kubwa jeupe, lililopakwa chokaa na kumwagiwa rangi ya zafarani kwa mikunjo kama petali za yungiyungi. Juu ya kuba, mchemraba wa dhahabu wenye macho ya Buddha pande zote nne. Pale pua ingekuwepo pana alama kama ya kuuliza, lakini si swali. Ni tarakimu moja ya Kinepali. Kisha ngazi 13 zinapanda hadi kileleni, hatua za mtu anayeelekea kuamka. Kutoka juu zimetandazwa kamba za bendera za rangi tano, buluu, nyeupe, nyekundu, kijani na njano, na kila bendera imeandikwa sala ili upepo uisome.

Nikamuuliza Dai mlango uko wapi, tuingie.

"Hakuna ndani," akasema. "Hili ni kaburi."

Hilo hakuwa ameniambia Doha. Stupa, kwa asili yake, ni kilima cha kaburi. Inasimuliwa kwamba Buddha alipofariki mwili wake ulichomwa, mabaki yakagawanywa mafungu manane, na kila fungu likajengewa kilima. Stupa zote zilizofuata, kubwa na ndogo, ni wajukuu wa vile vilima. Huingii. Hakuna viti, hakuna mimbari, hakuna mtu anayesimama mbele akakwambia ukae. Kitu pekee unachoweza kufanya na stupa ni kuizunguka, bega la kulia likiwa upande wake. Watibeti wanaita mzunguko huo kora.

Nilisimama pale na begi mgongoni. Nilikuwa nimekosa kaburi la mtu mmoja, nikasafiri hadi kaburi la mwingine.

*

Jioni ndio wakati wake. Watu hutoka kazini, maduka yanawasha taa, na mto wa watu unaanza kuzunguka. Wako bibi wa Kitibeti wenye aproni za mistari, ambao familia zao zilivuka Himalaya baada ya 1959 na kujenga maisha mapya kuizunguka stupa. Wako Watamang kama Dai. Wako watawa wa nguo za damu ya mzee, wengine wakiongea na simu. Wako vijana wa selfi. Hakuna anayemfukuza mwingine. Zamani njia ya biashara ya kwenda Lhasa ilipita hapa, na wafanyabiashara waliomba salama kabla ya kuupanda mlima na kushukuru wakirudi. Dai naye alizunguka hapa usiku wa kuamkia safari yake ya kwanza ya Doha. Njia imebadilika, sasa ni ya ndege, lakini sala ni ile ile: nifike, na nirudi.

Alinifundisha kama mtu anavyomfundisha mgeni kula kwa mkono. Kwanza mdomo. Akanipa tasbihi ya shanga 108 na maneno yenye silabi sita, Om mani padme hum. Ni sala ya Chenrezig, mwenye huruma. Nikauliza maana yake. Akasema watu wameandika vitabu na vitabu kuhusu maana, wewe anza kwanza kusema.

Halafu mikono. Kwenye ukuta wa chini kuna magurudumu ya sala, mapipa madogo ya shaba yanayozunguka kwenye mhimili. Ndani yana karatasi zilizoandikwa sala ile ile maelfu ya mara, na ukilizungusha mara moja ni kama umezisema zote. Nikamwambia Dai kwamba kwetu hiyo inaitwa kutuma SMS kwa mkupuo. Akaipenda sana. Aliwatafsiria mabibi wawili, nao wakanicheka mpaka wakashikana.

Kisha mwili. Upande mmoja kulikuwa na watu wanaosujudu kwenye mbao laini zilizong'aa kwa kusuguliwa. Unaunganisha viganja, unagusa paji la uso, koo na kifua, milango ile mitatu, halafu unajitupa chini, unanyooka kifudifudi, mikono mbele. Unainuka. Unarudia. Dai alisema anayeanza njia ya Vajrayana kwa dhati huanza na laki moja. Nilidhani nimesikia vibaya. Laki moja, akarudia, na kuna wanaomaliza. Kando yetu mama mmoja, umri wake kama wa mamangu, alikuwa anainuka na kulala, anainuka na kulala, magunia madogo yamefungwa viganjani ili asichubuke. Hakuonekana mtakatifu. Alionekana mtu wa shamba anayepalilia mstari wake na anajua utaisha lini.

Nilimjua huyo pia. Mamangu alikuwa mtu wa kesha. Nilipokuwa mdogo nililala kwenye benchi la kanisa usiku kucha nikimsikia akirudia sentensi moja, "Bwana, kumbuka," mara mia, mara mia mbili. Nilipokua nikajua mengi, niliona ule ni kama wimbo uliokwama kwenye kanda. Pale Boudha ndipo nilipoelewa kwamba mama hakuwa anamwambia Mungu habari asiyoijua. Alikuwa anapalilia.

*

Kitu cha mwisho ni taa. Pembeni ya stupa kuna vibanda vyenye safu za vikombe vidogo vya shaba, kila kimoja na utambi wake. Zinaitwa taa za siagi, ingawa siku hizi nyingi hutiwa samli ya mboga. Unalipa, unapewa mshumaa mwembamba, unawasha moja moja. Joto linakupiga usoni kama jiko la mandazi.

"Mwambie ni ya nani," Dai akasema.

Nililisema jina la mama, lile la nyumbani, kwa Kimaragoli. Sidhani kama jina hilo lilikuwa limewahi kutamkwa mahali pale. Niliwasha taa 21. Kwenye ya saba au ya nane mkono ulianza kutetemeka, na Dai akaushika chini ya kiwiko bila kunitazama, kama unavyomshikia mtu ngazi. Nililia hapo. Miezi saba nilikuwa nimesimama getini kama nguzo, na sasa nilikuwa nalia mbele ya mwenye kibanda, ambaye alinisogezea kopo la samli nisiligonge.

Nikadhani tumemaliza. Dai akasema, sasa toa.

"Nitoe nini?"

"Thawabu. Huendi nayo nyumbani. Unaigawa kwa wote."

Ni sheria yao: tendo lolote jema hufungwa kwa kugawa faida yake kwa kila kiumbe chenye uhai. Taa ni ya mama, sawa, lakini haikomei kwa mama. Nikamuuliza, hata kwa yule msimamizi?

"Hata yeye."

"Sitaki."

Hakubishana. Akasema, "Basi zunguka tena."

Nikazunguka. Mzunguko wa kwanza nilimhutubia yule msimamizi kichwani, hotuba niliyokuwa nimeitunga tangu Agosti, yenye utangulizi na hitimisho. Wa pili nikairudia. Wa tatu nikaongeza matusi. Kufikia wa sita nilikuwa nimeanza kusahau mistari. Wa tisa miguu iliuma, na hotuba haikuja. Siwezi kusema nilimsamehe. Naweza kusema tu kwamba kwa mzunguko mzima sikumfikiria, na ilikuwa mara ya kwanza.

Tulipokaa kupumzika, Dai akaninyooshea kidole kileleni. Tetemeko la 2015 lilikipasua kile kilele, ikabidi kibomolewe na kujengwa upya kuanzia juu ya kuba. Pesa zilitoka kwa Wabudha wenyewe, wa hapo na wa mbali, na wengi walijitolea nguvu zao. Dhahabu iliyotumika ilizidi kilo 30. Stupa ilifunguliwa tena tarehe 22 Novemba 2016, mapema kuliko makaburi na mahekalu mengi yaliyoangukia siku ile ile. Dai alituma mchango kutoka Doha. Hakuwa amemzika babake, lakini anasema pale juu kuna kipande chake, kidogo tu, pengine upana wa ukucha. Kila akija hukitafuta kwa macho. Nilimuuliza anajuaje ni kipi. Akasema hajui, ndiyo maana hutazama chote.

*

Sikubadili dini. Nasema hivi kwa sababu swali hilo lilinisubiri nyumbani likiwa limevaa leso. Senje alinipokea, akanikumbatia, akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni.

"Huko uliabudu sanamu?"

"Nilizunguka kaburi, Senje."

"La nani?"

"La mtu wa zamani. Nilikuwa namtafutia mama njia."

Alinyamaza. Senje ni mtu wa kanisa kweli kweli, lakini kabla ya hapo ni dada wa watu waliokufa, na anajua kaburi ni nini.

Kaburi la mama lilikuwa nyuma ya nyumba, halijawekwa saruji, nyasi zimeanza kulishika. Nilichota udongo pembeni. Mzee mmoja wa ukoo aliyekuwa ameketi kivulini akauliza ni nini hiki nafanya. Kaburi likishafunikwa limefunikwa, akasema, mambo ya kurudia rudia huita mengine. Nani amemruhusu?

"Ni mtoto wake," Senje akamjibu.

Mzee akatazama kando. Nikaurusha ule udongo. Ulianguka juu ya nyasi, haukutoa sauti yoyote. Kisha nikazunguka mara tatu, bega la kulia likiwa upande wa mama, na Senje akisimama pale pale mikono kifuani, midomo ikicheza. Sijui alikuwa anaomba nini. Huenda alikuwa ananiombea mimi nitolewe mapepo. Yote ni sawa.

Dai amerudi Doha, geti jingine, mkataba mwingine. Juzi alinitumia picha ya ukuta wa chumba chake kipya, yale macho yakiwa tayari yamebandikwa, akasema chumbani kuna Mkenya mgeni na yeye pia hayapendi. Kisha akaniuliza kama nimeshatoa. Nilijua anauliza nini.

Bado, Dai, nikamwandikia. Lakini nazunguka.